Kabla ya Kipindi cha Kwanza cha Kifaransa

Muhula wa kwanza unakaribia kuanza hapa Mtwara, na baadhi ya wanafunzi watakaoketi katika darasa langu la Kifaransa cha mwanzo hawajawahi kusikia sentensi nzima ya lugha hiyo ikitamkwa na mtu aliye mbele yao. Wanatoka Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa na kwingineko, katika shule ambazo hazikuwa na mwalimu wa Kifaransa, nao wanaingia chuoni na mazoea ya kusoma yaliyowafikisha hapo: kunakili kila neno la mwalimu, kutafuta madesa ya waliotangulia, kisha kukesha wiki ya mtihani. Mazoea hayo yamewafaa katika historia na uraia. Katika Kifaransa hayatoshi, na ni heri tulizungumze jambo hili sasa kuliko kungoja katikati ya muhula, wakati ambapo mwanafunzi mwenye bidii ya kweli hugundua kwamba daftari lake limejaa lakini hawezi kujibu swali jepesi la kumuuliza anakaa wapi.

Tuanze na muda. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na ndani ya saa hizo kuna vipindi vya darasani, kujisomea, mazoezi na mitihani. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, nazo zikigawanywa katika muhula wa wiki 15 zinakuwa saa nane kwa wiki. Tukikutana darasani kwa saa nne, nne zinazobaki ni za mwanafunzi mwenyewe, na matokeo ya kozi hutegemea zaidi hizo kuliko zangu. Ninasisitiza zitawanywe: nusu saa kila siku kwa siku sita, na saa moja zaidi siku ya mapumziko. Saa nne zikirundikwa Jumapili jioni, sikio huchoka baada ya saa ya kwanza, na mengi yaliyosomwa huwa yamekwisha kusahaulika ifikapo Jumatano. Kusoma kwa zimamoto kunaweza kumpitisha mtu katika somo la maelezo, kwa kuwa maelezo hukaa kichwani siku mbili tatu, lakini hakuna anayeweza kuuzoeza ulimi sauti ngeni kwa usiku mmoja.

Na sauti ndiyo jambo ninalolijali kuliko yote. Tumelelewa katika lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, kiasi kwamba aliyejua kusoma Kiswahili anaweza kusoma bila shida ukurasa ambao hajauona maisha yake yote. Kifaransa hakimpi mgeni nafasi hiyo. Maneno “vert”, “verre”, “vers” na “ver” hutamkwa sawasawa, ilhali la kwanza ni rangi ya kijani, la pili ni glasi, la tatu lina maana ya kuelekea na la nne ni mnyoo. Kitenzi “parler”, yaani kuzungumza, kina maumbo matano ya maandishi katika wakati uliopo, lakini sikio husikia matatu tu, kwa sababu “parle”, “parles” na “parlent” hazitofautiani kabisa mdomoni. Anayejifunza kwa macho peke yake huyabeba yote matano na bado huzitamka zile herufi za mwisho ambazo Mfaransa huziacha kimya; anayetanguliza sikio hubeba matatu, kisha tahajia huja taratibu juu yake.

Zipo sauti chache ambazo mzungumzaji wa Kiswahili lazima azifanyie kazi kwa makusudi. Irabu inayoandikwa “u” katika Kifaransa si yetu. Yetu wao huiandika “ou”. Ili kuipata, midomo ikae kama unayetaka kusema u, na ulimi ukae kama unayetaka kusema i, kisha toa sauti bila kusogeza chochote. Tofauti hiyo si ya urembo, kwa maana “dessus” ni juu na “dessous” ni chini, na anayezichanganya atampeleka mtu ghorofa isiyo yake. Irabu za puani nazo, kama zile za “vin”, “vent” na “vont”, huwasumbua wengi kwa sababu tunataka kuongeza n mwishoni, wakati hewa inatakiwa ipite puani bila ulimi kugusa popote. Kuhusu r ya Kifaransa, wanaotamka vizuri gh ya ghali na ghafla wamekwisha kufika karibu nayo kabisa. Halafu kuna mkazo: sisi tunauweka katika silabi ya pili kutoka mwisho, wao huuweka katika silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno, na hilo peke yake hubadilisha mwendo wa sentensi. Mwuza samaki wa Mikindani anayetaka kumhudumia mgeni asikose s mbili za “poisson”, kwa kuwa “poison”, yenye s moja inayosikika kama z, ni sumu.

Kwa hiyo nusu saa ya kila siku isiwe ya kusoma kimya. Sikiliza sentensi moja ya mfano, isimamishe, irudie kwa sauti, jirekodi kwa simu, kisha linganisha. Fanya hivyo kwa sentensi kumi zilizoeleweka vizuri badala ya kurasa tano zilizopitiwa haraka. Bwenini pana kelele na pana macho ya watu, nami naelewa. Ndiyo maana huwashauri wanafunzi waunde vikundi vya watu watatu au wanne watoke jioni kwenda Shangani, watembee ufukweni wakiulizana na kujibizana. Darasani nitamwita kila mmoja kwa jina, kila kipindi, na kosa la kuzungumza halikatwi alama. Kitakachonisikitisha ni ukimya. Kitakachonikasirisha ni kumcheka mwenzako, kwani kicheko kimoja katika wiki ya pili kinaweza kumfunga mtu mdomo mpaka muhula uishe, na nimeona vijana wenye sikio zuri sana wakipotea kwa njia hiyo.

Ninalotamani zaidi ni kwamba mwanafunzi aje katika Kifaransa na Kiswahili chake mkononi. Shule za sekondari zimetuzoesha kudhani kwamba kila elimu ya kigeni hupitia Kiingereza, hivyo mwanafunzi hutafsiri fikra yake kwenda Kiingereza, kisha kutoka huko kwenda Kifaransa, akachoka na kukosea mara mbili. Akitaka kutaja umri wake huandika “je suis vingt ans”, kwa kuwa Kiingereza humfundisha kwamba mtu huwa umri wake. Kiswahili kingemwokoa: sisi tunasema nina miaka ishirini, na Mfaransa husema “j’ai vingt ans”, naye akimaanisha kwamba anayo miaka hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa nina njaa, “j’ai faim”. Nina kiu, “j’ai soif”. Nina usingizi, “j’ai sommeil”. Sifa nyingi za Kifaransa huja baada ya nomino, kama zetu, kwa hiyo “une maison blanche” imepangwa kama nyumba nyeupe.

Kuhusu jinsia za nomino, ambazo huwatisha wanafunzi wa mataifa mengi, mtu aliyekulia katika ngeli hana sababu ya kuogopa. Anayesema kitabu changu kizuri kimepotea amefanya upatanisho mara tatu katika sentensi fupi bila kufikiri, na Kifaransa kinamdai makundi mawili tu. Tofauti ni kwamba nomino yetu kwa kawaida hujitambulisha mwanzoni mwake, ilhali ya Kifaransa mara nyingi hutoa dalili mwishoni: zinazoishia na “-tion” karibu zote ni za kike, na zinazoishia na “-age” kwa kawaida ni za kiume, ingawa “plage”, “page” na “image” zimekaa upande wa kike na hazina budi kukaririwa. Ndiyo sababu sitapokea daftari la msamiati lenye nomino zilizo uchi. Andika “une table”, “un livre”, nomino na kibainishi chake pamoja, na uzitamke pamoja tangu siku ya kwanza.

Kazi za kuandika ziwe fupi na ziwe zako. Programu za kutafsiri zimekuwa nzuri, sikatai, na zinasaidia kuhakiki neno. Lakini mwanafunzi wa wiki ya tano anaponiletea aya yenye vitenzi vya hali ambayo hatutaigusa mwaka huu, tunapoteza muda wote wawili: mimi ninasahihisha kazi ya mashine, yeye hajui alichokosa. Aya ya sentensi sita zenye makosa manne ya kweli hunionyesha la kufundisha kesho. Alama za é, è, ê na ç zisiachwe. Kwenye simu nyingi ukiibonyeza herufi kwa muda zitatokea. Kila wiki tutakuwa na imla, na anayeogopa imla ajue kwamba hakuna zoezi jingine linalokutanisha sikio na tahajia kwa uaminifu kama hilo.

Muhula wa kwanza huangukia msimu wa korosho, na najua wengi mtakwenda nyumbani Tandahimba au Newala kusaidia familia, jambo ambalo siwezi kulipinga kwa kuwa ada za baadhi yenu zinatoka humo humo shambani. Pakueni sauti mapema mkiwa chuoni, kwani bando hupungua haraka, mzisikilize mkiwa mnaokota. Namba zinafaa sana kwa kazi hiyo. Kuanzia 70 zinahitaji mazoezi ya pekee, maana 70 husemwa kama sitini na kumi, 80 kama ishirini mara nne, na 90 kama ishirini mara nne na kumi. Mkikutana na Mkongo au Mrundi akasema “septante” na “nonante”, msimsahihishe. Hizo ndizo namba za 70 na 90 kwao, kama ilivyo Ubelgiji.

Wazazi huniuliza lugha hii itamsaidia nini kijana wa Kusini. Siahidi ajira. Ninawaeleza kwamba visiwa vya Komoro, ambako Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Kikomoro, viko ng’ambo ya bahari yetu hii; kwamba gesi ya Mnazi Bay inachimbwa chini ya uendeshaji wa kampuni ya Kifaransa, Maurel & Prom; na kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali Kifaransa kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza ninatarajia mwanafunzi aliyeshika ratiba ajitambulishe, aeleze familia yake na siku yake, aulize bei na njia, ajaze fomu, aandike ujumbe mfupi, na asimulie kwa sentensi rahisi alichofanya jana. Hicho ni kiwango cha A1 kilichokamilika na mwanzo wa A2, katika mfumo wa Ulaya wa kupima ujuzi wa lugha, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Taarifa ya habari itakuwa bado inampita kwa kasi, na hilo lisimvunje moyo. Katika muhula wa pili tutaanza kusikiliza vipande vya “Journal en français facile” cha RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, kipindi cha dakika kumi kilichoandaliwa kwa wanaojifunza, na mazoezi ya bure ya TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, yanayoanzia ngazi ya A1.

Atakayependa cheti kinachotambulika nje ya chuo anaweza kufanya mtihani wa DELF A1, yaani ngazi ya kwanza ya cheti cha Kifaransa kinachotolewa na serikali ya Ufaransa. Una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja ikiwa na alama 25. Kufaulu kunahitaji jumla ya 50 kati ya 100, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kushuka chini ya alama 5. Cheti chake hakina ukomo wa muda. Kwa kuwa kutoka hapa hadi Dar es Salaam, ilipo Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, wenye nia hiyo waniambie mapema katika muhula wa pili ili tuulizie tarehe na ada kwa pamoja, na wasafiri wakiwa kundi.