Daktari alivyosema subirini kwanza

Jana binti yangu alikuwa anafuta rangi ya kucha sebuleni, ile harufu ya asetoni ikanifika nikasimama nikatoka nje. Mama vipi? Nikamwambia hamna kitu. Ila ilikuwa ni yale ya mjomba wake.

Usiku ule mdogo wangu mdomo ulikuwa unatoa harufu hiyohiyo, anahema kama katoka kukimbia na yuko kalala, katapika tangu jana yake, insulini, dawa yake ya kisukari, imemuishia kule bwenini na hakusema. Hospitali kipimo cha sukari hakikutoa hata namba, kiliandika HI tu, yaani imepanda kupita uwezo wa kipimo. Wakamtundikia dripu ya maji ya chumvi, sisi tunasubiri insulini, maana ndo dawa tunayoijua toka yuko mdogo.

Nesi kaja nayo tayari, mara daktari wa zamu, binti mdogo tu, akatokea na karatasi ya maabara. "Usimpe kwanza, potasiamu, yale madini ya kwenye damu, ni 2.8, iko chini." Mama akainuka, "Mwanangu, sukari imepanda hivyo halafu unasema tusubiri?" Daktari akamwamkia vizuri, akakaa naye kitandani. "Mama, insulini ikiingia inaitoa potasiamu kwenye damu inaipeleka ndani ya seli. Yeye ameshaipoteza nyingi kwa kukojoa na kutapika, nikimpa sasa hivi itashuka zaidi, moyo unaweza kusimama. Ikifika 3.5 naanza, sichelewi." Akauliza kama amekojoa, tukasema ndiyo.

Nesi akavunja kichupa cha potasiamu, akaichoma ndani ya mfuko wa dripu, akaugeuza juu chini, juu chini, mpaka nikaona anachelewesha, kumbe lazima ichanganyike vizuri. Akaandika kiasi na saa kwa kalamu juu ya mfuko. "Dada, hata ukiona inaenda polepole usiguse hapa, ikiingia kwa kasi inaua." Mdogo wangu akaanza kulia mkono unawaka moto, wakaipunguza kidogo.

Baadaye wakampima tena, potasiamu imepanda, insulini ikaanza taratibu kwenye mshipa huku potasiamu inaendelea kuwekwa kwenye dripu na damu inachukuliwa kila baada ya masaa mawili. Kesho yake akaomba chai.

Mama mpaka leo anasema ni dua, na mimi naamini dua, ila namuombea na yule binti daktari. Siku hizi mtu akiniambia ana mgonjwa wa hivyo namuuliza potasiamu wamepima? Wengine wananijibu hapo walipo mashine hakuna, sasa hapo sijui niwaambie nini zaidi ya mkimbizeni hospitali kubwa, na wengine hiyo hospitali kubwa iko mbali kweli.