Mstari Mmoja Katika Daftari

Leo nimelifungua tena daftari la kumbukumbu za kamati yetu ya wavuvi hapa shehiani, ambayo mimi ndiye katibu wake, nikautazama ukurasa wa kikao kilichoamua ni sehemu gani ya mwamba ifungwe kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Maneno ya nahodha yamejaza nusu ukurasa. Ya bibi jirani yetu, anayechokoa pweza tangu yu kigoli, nimeyaandika kwa mstari mmoja: "Mjumbe mwingine alitoa maoni tofauti."

Nahodha alishauri tufunge ukingo wa nje, penye kina, kwa kuwa ndiko wanakopatikana pweza wakubwa. Hakuna aliyemuuliza ni lini mara ya mwisho aliinama kwenye shimo la pweza. Bahari anaijua, sina shaka, na wengi wetu tumewahi kurudi salama katika kusi kali kwa sababu yeye ndiye aliyeshika usukani. Lakini heshima aliyoichuma chomboni tuliihamishia mwambani nzima nzima, mahali asipofanya kazi.

Bibi alitaka tufunge huku ndani, kwenye maji ya magotini, kwa sababu ndiko waliko wadogo, na pweza mdogo akiachwa hata mwezi mmoja au miwili hukua upesi mno, ilhali yule mkubwa wa nje umri wake unakaribia kwisha: mayai yakishaanguliwa, jike hufa. Tena mwamba huo aliotaka ufungwe ndio unaomlisha yeye. Hilo peke yake lingetosha kutushtua. Lakini yeye alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, sisi tuko vitini, na alipomaliza sheha alimshukuru kwa adabu, kisha akamgeukia nahodha amalizie hoja yake.

Siku ya kufungua, makapu hayakujaa. Huenda hata huko alikosema yeye yasingejaa, bahari ni bahari. Kinachonikera ni kwamba neno lake hatukulipima wala hatukulikataa, tulilipita tu, na kalamu iliyolipita ni yangu.

Jioni nimekwenda kumwomba anieleze upya, niyaandike yote kabla ya kikao kijacho. Amecheka, akasema mambo hayo hayaelezeki barazani. Kesho ni bamvua, maji hutoka mbali kuliko siku nyingine. Nifike saa tatu asubuhi, maji yakitoka, na nisisahau viatu vigumu.