Kuku hapumui kama sisi

Mtu akiulizwa ndege anatofautianaje na wanyama wengine, hujibu: kuruka. Lakini popo huruka, na mbuni haruki. Kutaga nako, kobe na kenge hutaga. Kwa wanyama walio hai leo, ni ndege pekee aliye na unyoya wenye uti katikati. Hata hivyo, mfugaji wa Dodoma atafaidika zaidi akiijua tofauti iliyo kifuani.

Mapafu ya kuku ni madogo, yamejibana kwenye mbavu za mgongoni na karibu hayatanuki. Kinachovuta hewa ni vifuko vyembamba kama utando wa kitunguu, vilivyoenea hadi tumboni na ndani ya mfupa wa juu wa bawa. Hewa safi hutangulia vifuko vya nyuma, kisha hupita mapafuni kuelekea mbele. Hupita upande mmoja tu, hivyo kuku hupata oksijeni anapovuta na hata anapotoa pumzi. Ajabu kubwa hii!

Vifuko hivyo huendeshwa na kidari kinaposhuka na kupanda. Kuku wakishindiliwa kwenye tenga, au mtoto akimbana kifaranga kiganjani, kidari hakisogei, naye hufa ingawa koo liko wazi. Mshike mabawa yakiwa yamekunjwa, kiganja kikimbeba kwa chini bila kukandamiza.

Halafu joto. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi na hauna tezi za jasho, kwa hiyo Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Kuhema huko humpotezea kaboni dayoksaidi, na damu hupungukiwa na kabonati ya kujenga ganda la yai. Ndiyo maana mwenye kuongeza chokaa peke yake huendelea kuokota mayai yenye ganda jembamba. Anza na kivuli. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, bati lifunikwe nyasi, maji yakae mahali pa baridi, chakula kitolewe alfajiri na jioni, maana kumeng'enya huongeza joto mwilini.

Ule weupe juu ya kinyesi ndio mkojo wake, karibu mkavu, na humwokolea maji mengi. Ukilowana hutoa amonia inayounguza njia ya hewa. Chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wa kuku. Ukisikia harufu kali, ondoa matandazo yaliyolowa siku hiyohiyo.