Sifuri

Binti yangu ana tabia ya kufunua albamu za zamani na kuuliza maswali ambayo mama yake huniachia mimi. Juzi alifika kwenye picha za sendofu ya shangazi yake. Watu wamependeza, sare za vitenge zimekaa vizuri, shangazi mtu yuko katikati anang'aa. Akaweka kidole usoni kwangu.

"Baba, mbona wewe peke yako umenyolewa kipara? Alikufa nani?"

Hakufa mtu. Ni kinyozi wa Istanbul.

Zilikuwa enzi za biashara yangu ya mapazia. Nilikuwa nakwenda Laleli, mtaa wa maduka ya jumla kule Istanbul, mara mbili tatu kwa mwaka, nafunga mzigo, narudi Kariakoo. Safari ile ratiba ilinibana: natua Dar Ijumaa usiku, sendofu ni Jumamosi, na mimi kaka mkubwa ndiye wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Kichwani nina msitu wa miezi miwili. Nikasema bora nimalizane nao huku huku.

Laleli kwenyewe lugha haikuwahi kunisumbua. Wauzaji wa pale wanaongea Kirusi, Kiarabu na Kiingereza cha kuombea hela, na kikokotoo kinamaliza yaliyobaki. Unabonyeza bei yako, anabonyeza yake, mnakunja sura, mnapeana mikono. Kosa langu lilikuwa kupanda kilima kuelekea msikiti wa Süleymaniye, nikikata vichochoro kutafuta kinyozi wa bei ya wenyeji. (Baadaye niliambiwa kwamba pale chini tu, Kumkapı, kuna Waafrika wenzangu wananyoa nywele kama zetu kila siku. Baadaye.)

Duka lilikuwa na viti viwili, picha ya Atatürk, mwasisi wa Uturuki, ukutani, kijana mmoja wa kufagia na mzee mwenye masharubu meupe.

"Merhaba," mzee akasema nilipoingia, nami nikabaki najiuliza shikamoo nimeitoa saa ngapi.

Simu ilikuwa imekata chaji, na picha ya mtindo ninaoutaka imo humo humo. Basi nikainua vidole viwili: namba mbili ya mashine. Nilidhani hiyo ni lugha ya vinyozi wote duniani. Mzee akatikisa kichwa kwa kuelewa kabisa, akamwita kijana, kijana akatoka mbio, akarudi na sinia lenye chai mbili. Tukanywa, vile vigilasi vyembamba katikati, sukari vipande viwili pembeni. Nilikuwa sijui kama nimeagiza au nimekaribishwa.

Akanifunga shuka shingoni, akachukua mashine, akaipuliza, akaanza kuniuliza. Sentensi ndefu. Sikuambulia kitu. Akaifupisha. Bado. Mwishowe akaniangalia kwenye kioo, akainua nyusi, akatamka neno moja polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Sıfır?"

Jamani! Siku tano nimekuwa bubu katika mji ule, naishi kwa vidole na kikokotoo, halafu mtu mzima ananitamkia sifuri! Sifuri ile ile ya madaftari yangu ya hesabu, ile ya wino mwekundu. Furaha ilinipanda hadi nikasahau kwamba lile lilikuwa swali. Nikapiga mkono wa kiti.

"Sifuri! Sifuri! Tamaam!"

"Tamam," mzee akajibu, naye kafurahi kuliko mimi.

Mashine ikagusa paji la uso. Nakumbuka ubaridi wa chuma, na sauti ilivyobadilika ilipoingia kwenye nywele, ikawa nzito kama bodaboda inayopanda mlima. Ikapita katikati ya kichwa bila kusimama mpaka kisogoni. Furushi la nywele likaporomoka mapajani kwangu na kutulia juu ya shuka kama mtoto wa paka. Nikainua macho. Kwenye kioo kulikuwa na barabara imelimwa katikati ya msitu, na ngozi inang'aa humo. Ngozi ile sikuwa nimeiona tangu tulipomzika baba.

Mzee akasita. Nadhani alisoma kitu usoni kwangu. Mashine inanguruma hewani, kijana kaegemea ufagio, wote wawili wananisubiri niseme neno. Niseme lipi? Hata angekuwa kinyozi wa Sinza, barabara ikishapasuliwa namna ile ungemwambia nini? Nikampungia mkono aendelee.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Alichovya pamba kwenye spiriti, akaiwasha moto, akanipigapiga nayo masikioni kuunguza vinyweleo. Akanimwagia kolonya yenye harufu ya limau, kichwa kizima kikawaka. Aliponifungua shuka akasema kitu kilichoanza na "saat". Nikamwonyesha saa yangu ya mkononi. Kijana alicheka mpaka akaweka ufagio chini. Mwenyeji mmoja alikuja kunieleza kwamba hiyo ni dua yao kwa mtu aliyetoka kunyolewa. Neno lenyewe ni "sıhhatler", siha ile ile tunayoijua sisi, ila midomo ya watu wengi imelifanya lisikike kama saa. Kwa hiyo mzee aliniombea afya, mimi nikamtajia kwamba ni saa tisa na nusu.

Kwetu Mara, kichwa hakinyolewi hivyo hivyo. Mama alifungua mlango usiku ule niliotua Dar, akaniona, akaushika mlango.

"Nani?" akauliza. Hakunisalimia.

Nilimwapia kwa kila kitu kwamba hakuna. Alikaa kitini muda mrefu kabla hajacheka, na sina hakika kama kile kilikuwa kicheko. Kesho yake mashangazi walinivalisha kofia, nikashinda nayo. Niliivua kwa ajili ya picha moja tu, na picha hiyo ndiyo iliyoingia kwenye albamu.

Binti yangu alisikiliza yote akiwa kainamia picha. Nilidhani atauliza kuhusu ule moto wa masikioni.

"Kwa hiyo ungekuwa hujui hata neno moja, usingenyolewa?"

Nikamwambia sijui. Labda mzee angekisia mwenyewe. Labda angeninyoa vibaya zaidi.

"Na ukamlipa?"

Nilimlipa. Tena nilimwongezea, nikamwambia hiyo ni bakshishi, na hapo hatukuhitaji mkalimani.