Jinsi Nilivyowaachisha Mafundi Wangu Sigara

Mimi ni msimamizi wa gereji ya malori mjini Arua, Uganda, na kwa kuwa sijawahi kuvuta sigara, mafundi wangu walinifunga mdomo kila nilipowasihi waache. Mzee wetu wa kuchomelea, ambaye utotoni alikausha tumbaku ya baba yake, alinijibu daima kwamba jani hilo ndilo lililomlipia karo, nami nilikosa neno, maana huku West Nile nyumba nyingi zina historia ya namna hiyo.

Ushauri niliopewa ulikuwa mwingi na mbovu. Mteja mmoja alitaka niwahamishie kwenye shisha, eti maji huchuja sumu. Maji hayaichuji, na shisha yenyewe imepigwa marufuku na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015. Mwingine, mtu anayeheshimika sana kanisani kwake, alisisitiza niwatishe, akanipa picha kubwa ya pafu lililooza niibandike ukutani. Kabla ya chakula cha mchana mafundi walikuwa wamekwisha kuipa picha hiyo jina la dereva mmoja mkorofi, na kijana mmoja aliniuliza kilo yake ni bei gani. Baadaye mtu alikosa karatasi ya kufutia grisi, na habari za picha zikaishia hapo.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyonipa mbinu, kwa sababu inakataza kuvuta sigara ndani ya mita 50 kutoka mahali pa kazi au pa umma. Nilipima kutoka langoni, kisha nikapima upya kutoka kibanda cha chapati kilicho jirani, maana nacho ni mahali pa umma, na sikusikitika hata kidogo kuona kipimo kikisogea hadi kwenye uwanja usio na mti hata mmoja. Pale nikasimika nguzo ya chuma, nikaipaka rangi nyeupe, nikatangaza kwamba anayetaka kuvuta aende huko bila kukatwa mshahara wala kutukanwa. Kumtuma mwanagenzi dukani nikakukomesha pia, kwa kuwa aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuuziwa sigara.

Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba hamu ya sigara hupanda kwa nguvu, kisha hushuka baada ya dakika chache hata mtu asipovuta. Fundi aliyelala chini ya lori, akishatoka, akanawa mikono na kutembea katika jua la Februari, mara nyingi aliishia kibandani akila chapati. Mzee alikwenda nguzoni na mwavuli, baadaye na kiti, na madereva wakamzoea kama askari wa zamu, hadi asubuhi moja aliponijia na kusema, “Kijana, miguu imekataa.”

Siku zake za kwanza zilikuwa ngumu: hakulala, alikula kupita kiasi, na alimfokea kila mtu. Muuguzi alitueleza kwamba hali hiyo hupungua baada ya wiki chache, lakini mwenye gereji asikubali kamwe anayeacha sigara awapokee wateja. Mimi nilimpa Mzee kazi za uani. Fedha alizokuwa akitoa kwa sigara za moja moja, shilingi mia chache kila mara, sasa huziweka katika kikundi chetu cha akiba.

Wachache bado huenda nguzoni. Juzi waliniomba nipande mwembe pale, nikakataa.