Siku moja maishani mwangu: fundi wa bomba la moshi, Molo, Kenya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Molo ni ukungu na baridi, na moshi umeshaanza kutoka mapaani. Huo ndio ninaoutazama kwanza. Ukipanda wima na kupotea, bomba linavuta vizuri. Ukitoka mzito, wa kahawia, ukalala juu ya mabati, nyumba hiyo ina shida hata kama wenyewe hawajaijua.

Saa kumi na mbili napakia pikipiki: brashi za waya za inchi 4 na inchi 6, fimbo za kuunganisha, kamba, tochi, kioo cha mkononi, mkasi wa bati, barakoa na magunia makuukuu. Wengi hudhani kazi hii ni kupanda paa na kushuka mweusi. Kupanda ndiyo sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kujua hewa inaingilia wapi na inatokea wapi.

Kufikia saa tatu nimemaliza nyumba mbili upande wa Turi. Jiko liwe limelala baridi tangu jana, mdomo wake uzibwe kwa gunia bichi, kisha brashi ishuke kutoka juu, kwenda na kurudi, hadi iteleze bila kukwama. Masizi yakifika unene wa milimita 3 ndani ya bomba, siku ya kusafisha imefika. Mwisho naingiza kioo kwenye kiwiko cha chini. Nikiona anga, nimemaliza.

Saa tatu na nusu niko karibu na Elburgon, na hapo ndipo siku ilipoishia.

"Jiko hili ni bovu, fundi," mzee mwenye nyumba ananiambia kabla sijavua helmeti. "Nimelinunua kwa pesa nyingi, na macho ya mama yamekwisha kwa moshi."

Jiko ni zima kabisa. Tatizo ni bomba. Aliyelifunga aliogopa kutoboa mabati yasije yakavuja, akalipitisha ukutani: kiwiko cha digrii 90, mita 2 za kulala chali, kiwiko kingine, na mdomo ukaachwa chini ya upenu. Juu yake kuna mkebe umegongewa kuzuia mvua.

Moshi wa moto hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko hewa baridi ya nje, na kadiri bomba linavyosimama kwenda juu ndivyo mvuto unavyozidi. Ukilaza bomba, moshi unapoa njiani, unapunguza mwendo na kuacha masizi papo hapo. Upepo ukipiga upenuni unaurudisha jikoni. Tena huku juu kwetu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mvuto hupungua, kwa hiyo bomba linahitaji urefu zaidi ya lile la bondeni.

Mzee hakubali. Anataka nipanue mlango wa jiko. Namweleza kwamba mlango mkubwa huingiza hewa baridi nyingi na kuupoza moshi zaidi. Anataka feni. Anasema jirani ana bomba fupi na hapati shida. Tunabishana hadi saa tano, chai ikipoa. Mwishowe nachukua kijiti na kugonga bomba lake. Bomba safi hulia kama kengele. Hili lilitoa sauti ya gunia la unga. Nikafungua kiwiko, masizi yakamwagika: meusi, yanayong'aa, magumu kama lami. Hayo ni matunda ya kuni za saiprasi zilizochomwa mbichi. Yakishika moto, bomba hunguruma na kuwa jekundu, na moto unafika darini. Likitokea hilo, funga milango yote ya hewa ya jiko, toa watu nje na uite msaada. Usimwage maji ndani ya bomba.

Mzee akanyamaza, akaenda kuleta ngazi.

Kuanzia hapo sikutazama saa tena. Bomba jipya la inchi 6 linapanda wima kutoka jikoni. Kila kipande cha juu kinaingia ndani ya kile cha chini, ili masizi ya lami yakichuruzika yarudi ndani ya jiko, yasitokee kwenye viungo. Kila kiungo kina ribiti 3. Bomba lenye ganda moja linakaa sentimita 45 mbali na mbao. Linapopenya dari nalivisha ganda la pili la inchi 10, katikati pamba isiyoshika moto, na mbao za dari nazikata zisiliguse. Juu ya paa, bati la kuzuia mvujo linaingia chini ya bati la upande wa juu na kulalia lile la chini. Mdomo wa bomba unapita kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Kofia inakaa juu kwa nafasi ya kutosha, na wavu wa kuzuia ndege.

Mvua ikatushika juu ya paa. Mgongo ukawaka, vidole vikafa ganzi, lakini tundu la paa haliachwi wazi.

Wakati wa kukusanya vifaa, mzee akauliza kama anaweza kutumia makaa ya mawe. Jiko lake halifai. Makaa ya mawe yanataka chekeche la kuyabeba na hewa kutoka chini, na yana salfa. Masizi yake yakilowa hugeuka asidi na kulila bati, kwa hiyo bomba husafishwa mara tu msimu wa baridi unapoisha. Tena huwaka usiku kucha, na hapo ndipo watu hufa: wanafunga kilango cha bomba kabisa ili joto libaki. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa hubaki ndani, na haina rangi wala harufu. Kichwa kikiwauma wote nyumbani kwa pamoja, na kikipoa mkitoka nje, tokeni na msirudi. Makaa ya miti kwenye jiko la kubeba chumbani yanatoa sumu hiyohiyo, na jiko hilo halina bomba.

Giza limeingia. Tukawasha gazeti moja kwanza, kupasha bomba, kisha vijiti vikavu. Mama akafunga dirisha na mlango kwa makusudi, akasimama kando ya jiko akitazama. Moshi wote ukaelekea juu. Mzee akachukua kile kijiti, akagonga bomba mara mbili, akasikiliza.