Dola Moja ya Mama Joad

Nimeisoma mara tatu riwaya ya John Steinbeck iitwayo The Grapes of Wrath, na safari hii ya mwisho nilishika penseli, nikawa nazungushia duara kila kiasi cha fedha kinachotajwa. Nilitarajia maduara machache, kwa kuwa kitabu hiki kilichotoka mwaka 1939 husifiwa zaidi kwa vumbi lake, kwa barabara ya 66 iendayo California na kwa gari kuukuu la Hudson lililogeuzwa lori. Badala yake niliona kwamba mwandishi ameandika daftari la hesabu lenye sura 30, na kwamba hasira iliyomo humo inatokana na senti.

Hesabu zinaanza kabla familia ya Joad, wakulima wanaosimuliwa katika riwaya, haijaondoka nyumbani, karibu na mji wa Sallisaw, Oklahoma. Kijana anakuja na trekta kulima juu ya mipaka ya mashamba ya watu anaowafahamu, naye analipwa dola 3 kwa siku. Mkulima mpangaji anayetolewa shambani anamweleza kwamba kwa hizo dola 3 zake familia kumi na tano au ishirini zinakosa kabisa chakula. Mpangaji ana bunduki, lakini hajui ampige nani. Dereva ametumwa, aliyemtuma ameagizwa na benki, na benki nayo inapata maagizo kutoka mbali, mashariki mwa nchi. Nadhani hakuna mahali pengine katika riwaya hii ambapo unyonge wa mkulima umeelezwa waziwazi kiasi hicho. Kisha akina Joad wanapeleka mjini farasi, mkokoteni na zana zote za kilimo, na jioni wanarudi na dola 18.

Kinachowavuta California ni vipeperushi vya rangi ya njano vinavyosema kwamba vibarua wanatakiwa. Njiani, katika kambi ya kulipia, mtu mmoja aliyevaa matambara na ambaye tayari anarudi kutoka huko anawafafanulia jinsi vipeperushi hivyo vinavyofanya kazi. Mwenye shamba anahitaji watu 800, kwa hiyo anachapisha karatasi 5,000, nazo zinasomwa na watu labda 20,000. Wanapofika elfu mbili au tatu, wenye njaa na watoto wanaolia, anayekubali ujira mdogo kuliko wenzake ndiye anayepata kazi. Mtu huyo alifiwa na watoto wawili kwa njaa, na mkaguzi wa vifo akaandika kwenye karatasi yake kwamba moyo ulishindwa kufanya kazi. Baba Joad anamsikiliza, anapata wasiwasi, na bado anaendelea na safari, kwa sababu nyumbani hakuna tena pa kurudi.

Steinbeck hakuyatunga haya akiwa mezani tu. Mwaka 1936 alizitembelea kambi za wahamaji hao na kuandika mfululizo wa makala katika gazeti la San Francisco News, na mmojawapo wa watu wawili aliowatunukia riwaya ni Tom Collins, aliyekuwa msimamizi wa kambi ya serikali huko Arvin, California. Hata hivyo kitabu kina mapungufu yake. Sallisaw iko mashariki mwa Oklahoma, mbali na kitovu cha dhoruba za vumbi zilizolikumba eneo la magharibi, na Wameksiko na Wafilipino waliokuwa wakivuna mashamba hayohayo wanatajwa kwa kupita tu. Wenye mashamba wa California hawakulalamikia hayo. Wao walikiita kitabu uongo, na mwezi Agosti 1939 halmashauri ya Kern County, katika jimbo hilohilo, ilikipiga marufuku katika maktaba na shule zake.

Duara nililolikoleza kuliko yote liko katika shamba la Hooper, huko California. Akina Joad wanaingizwa humo wakisindikizwa na polisi, bila kujua kwamba wanaletwa kuvunja mgomo, na wanachuma mapichi kwa senti 5 kwa sanduku; waliogoma nje ya lango walikuwa wamepunjwa hadi senti mbili na nusu. Sanduku la kwanza la Tom, mwana wa Mama Joad, linakataliwa kwa sababu matunda yamechubuka. Ili kupata dola moja lazima yajae masanduku ishirini, na yanapojaa, Mama anakwenda na karatasi ya dola hiyo kwenye duka la shamba, ambako kila kitu ni ghali kuliko mjini. Anachukua ratili mbili za nyama ya kusaga kwa senti 40, mkate kwa 15, viazi kwa 25 na kahawa kwa 20. Dola imekwisha, na sukari ya kutia kwenye kahawa bado haijanunuliwa.

Anaomba akopeshwe ya senti 10 tu, akiahidi kwamba watu wake wako shambani wanachuma na fedha itapatikana. Muuzaji, ambaye tangu mwanzo amekuwa akimkejeli, anakataa kwa kuwa kampuni hairuhusu, kisha anatoa senti 10 mfukoni mwake mwenyewe, anaziweka katika droo ya fedha na kumsogezea Mama mfuko wa sukari. Huyo naye ni mwajiriwa mwenye hofu ya kufukuzwa, wala bei si yeye anayezipanga. Mama anamwambia kuwa amejifunza jambo moja: ukiwa na shida, nenda kwa maskini, maana ndio pekee watakaokusaidia.

Jioni nyama inagawanywa, na kila mmoja anapata kidogo. Tom, aliyebeba masanduku tangu walipofika, anamaliza sehemu yake na kuuliza kama imebaki nyingine. Mama anamjibu kwamba hakuna, walichuma dola moja, na hicho walichokula ndicho cha dola moja.